Jicho la Mama, Mara Kumi

Kamera yangu ndogo ina ugonjwa mmoja: inapenda majani chai kuliko watu. Msimamishe bwana harusi mbele ya shamba, ubonyeze, na uso wake utatoka na ukungu huku kila jani nyuma yake likionekana mpaka mshipa. Mama nimempiga picha za hivyo kwa miaka. Katika zote, chai yake ilitoka vizuri kuliko yeye. Wala haikumkasirisha, maana michai ile aliipanda kwa mkono wake, na sisi watoto alituchapa kwa kuvunja tawi hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo aliponiambia anataka picha moja ya ukutani, "yenye uso wangu, weri, si ya shamba," niliapa kumpa. Weri ni mtoto wa kiume, na aliniita hivyo hata nilipoanza kuota mvi. Sikujiuliza kwa nini mwanamke ambaye hakuwahi kuomba picha ameitaka ghafla. Mjinga hajiulizi.

Nilitoka Kapsoit, ninakofanyia kazi yangu ya picha, nikafika nyumbani Jumamosi asubuhi kabla mvua ya mchana haijajikusanya. Nikamsimamisha kwenye kijia katikati ya michai, amevaa gauni la kanisani na sweta ya kijani. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikazima fokasi ya otomatiki, ile inayojichagulia yenyewe cha kulenga. Siku hiyo ningelenga kwa mkono. Unabonyeza kitufe, kisanduku kinatokea, unakipeleka kwenye jicho, unabonyeza tena, na jicho linakua mara kumi mpaka linajaza kioo chote cha nyuma. Kisha unazungusha pete ya lenzi polepole, na kope zinajitokeza moja moja. Shida ni kwamba katika ukubwa huo hata pumzi inaharibu kazi. Mtu akiyumba kidogo tu, umempoteza, unaanza upya.

Nilianza upya mara nyingi. Wingu likapita, nikangoja jua. Mwishowe nikamgombeza.

"Mama, usitingishike."

"Sitingishiki."

"Unayumba. Naona hapa."

"Haya. Siyumbi tena."

Na kweli hakuyumba tena. Dada yangu, anayeishi na Mama, alitokea mlangoni mwa jikoni akaita kwamba chai inapoa. Akaita mara ya pili. Nikamwambia aache kutuharakisha, kazi nzuri haitaki haraka.

Mama alilelewa wakati ambapo kwetu Wakipsigis kukunja uso mbele ya maumivu kulikuwa aibu ya ukoo mzima. Nilipokwenda jandoni, yeye ndiye aliniambia nikipepesa jicho nisirudi kwake. Hayo niliyajua maisha yangu yote, na bado nikadhani ametulia kwa sababu mimi ni fundi.

Picha ilitoka safi ajabu. Nikaikata sehemu ya chini, nikabakiza kichwa na mabega, nikaenda kuisafisha Kericho na kuitia fremu.

Miezi miwili baadaye tulimpeleka hospitali kule Longisa. Daktari aliuliza tumbo limeanza kuuma lini. Mimi, mtu wa macho makali, nikajibu kwa niaba yake: wiki moja. Daktari alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema ugonjwa huu si wa wiki moja. Mama hakumaliza mwezi.

Kwenye mazishi picha yangu ilisimamishwa kando ya jeneza. Watu walinipa mkono. "Imetoka safi! Ni kama anataka kuongea." Nilipokea sifa hizo, na naona haya kusema kwamba zilinipendeza.

Watu walipoanza kutawanyika, dada yangu alinivuta kando.

"Ile siku ya picha, ulipoenda tu, alilala chini jikoni mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Alikuwa anaumwa tangu usiku. Akasema nisikwambie, eti umetoka mbali na kamera yako, uachwe umalize."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Niliita mara mbili," akasema.

Nilikwenda nyuma ya tangi la maji, nikawasha kamera, nikaifungua picha ile kabla ya kukatwa. Nikabonyeza kitufe kile kile. Jicho likajaa kioo: kope zote, kavu, halijapepesa, halisemi kitu. Nililichukia, na nikajichukia zaidi. Nikaanza kukishusha kile kisanduku, jambo ambalo siku ile sikulifanya hata mara moja. Shavu. Kola. Kifungo cha sweta. Nikafika kwenye mkono wa kulia, kwenye ile sehemu ya chini niliyoikata na kuitupa.

Ulikuwa umeshika mchai. Ngumi imekazwa mpaka vifundo vya vidole vimepauka, na ndani ya ngumi kuna tawi limevunjika.