Matairi ya Barabara Kavu kwenye Mteremko wa Udongo

Ile asubuhi ya mayai naikumbuka vizuri, mwanangu, mpaka harufu yake. Mikaratusi ya Rughenda ilinukia kama dawa ya kifua, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya uwanja wa ndege, mikono yote miwili juu ya usukani wa velo, baiskeli yangu, moyo unanipiga kana kwamba ndege ndogo ya siku ile nitairusha mimi mwenyewe.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sijafika hata miaka thelathini na mitano, na watu wa kutoa nasaha huwa na mvi. Lakini baba yako ni kaka yangu mkubwa, na kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu. Tena ameniambia kwamba umepata velo ya milimani, na kwamba hii ni wiki ya tatu unazunguka maduka ya Mususa ukibonyezabonyeza matairi bila kuchukua hata moja, ukimuuliza kila fundi ni lipi lililo bora kuliko yote. Niliposikia hivyo nikajua ugonjwa huo umeutoa upande wangu. Basi nisikilize, Muhindo, kwa sababu swali lako niliwahi kulijibu vibaya, na jibu hilo lilinitupa chini.

Wakati ule nilikuwa na miaka miwili tangu nimalize masomo ya kilimo, na diploma yangu ilikuwa bado ndani ya bahasha yake. Nilikuwa nimeandika barua nyingi za kuomba kazi na sikujibiwa hata moja. Ndipo chama kimoja kidogo cha afya kikatangaza kwamba kinatafuta mtu wa kupeleka chanjo na dawa kwa velo hadi kituo cha afya kilicho nyuma ya vilima, kule ambako pikipiki hukwama majira ya mvua. Walitaka mtu mmoja tu. Mwishoni tulibaki wawili, na jaribio lao lilikuwa hivi: kila mmoja atafungiwa sanduku nyuma ya velo, ndani mayai kumi na mawili badala ya chupa za chanjo. Tutoke Rughenda pamoja. Atakayetangulia kufika kituoni, mayai yakiwa mazima, kazi ni yake.

Mwenzangu alikuwa Papa Saidi, na nikubali kwamba nilipomwona nilifurahi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu wa Beni aliyehamia Bulengera, aliyemaliza ujana wake akisukuma vidumu vya mafuta ya mawese kwa velo kutoka Beni mpaka Butembo. Velo yake ilikuwa nzito kama mlango wa kanisa. Matairi yake ndiyo yaliyonichekesha zaidi: membamba, na meno yake marefu yameachana kama ya mtoto anayeng'oka meno.

Mimi nilikuwa nimepiga hesabu. Nilikuwa nimeitembea njia nzima kwa miguu mara mbili, daftari mkononi. Kwanza kuna barabara ngumu ya udongo mwekundu ulioshindiliwa na magari, ndefu. Kisha changarawe. Kisha mteremko wa udongo wa mfinyanzi mpaka kwenye kijito, mfupi, unaweza kuumaliza kabla wimbo mmoja wa kanisani haujaisha. Ng'ambo ya kijito kuna kilima cha mizizi chini ya mikaratusi, na mwishoni barabara ngumu tena mpaka kituoni. Nikaona kwamba sehemu kubwa kabisa ya njia ni ngumu na kavu. Basi nikachagua matairi ya barabara kavu, yenye meno mafupi yaliyobanana, nikayajaza upepo mpaka yakawa kama jiwe. Na kwa kuwa siamini hata hesabu zangu mwenyewe, nikafunga pampu kwenye fremu, ili kila udongo utakapobadilika nisimame nibadilishe upepo.

Papa Saidi alikuja akabonyeza tairi langu la mbele kwa kidole gumba.

"Agronome," akasema, yaani bwana kilimo, "hii pneu ni ya kwenda nayo ku ndoa. Leo kuko ndoa wapi?"

"Nimepiga hesabu, Papa."

"Bon. Na hesabu iliona ile wingu?"

Akanyoosha mkono nyuma ya vilima. Mjini palikuwa pakavu kabisa, lakini kule nyuma mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Mwanangu, katika dakika moja niliwaza mambo ishirini. Nirudi nyumbani nikabadilishe? Na nikikuta wameondoka? Na mvua ikiwa haikufika njiani? Mwishowe nikafanya kama tunavyofanya sisi wenye mawazo mengi: nikaishikilia hesabu yangu, si kwa sababu ilikuwa sawa, bali kwa sababu ilinichosha kuifanya.

Tukaondoka. Na hapa lazima nikwambie ukweli, maana sitaki udhani matairi yale yalikuwa mabaya. Kwenye barabara ngumu yaliruka! Hayakutoa hata sauti. Nilisikia upepo tu masikioni, na nyuma yangu meno makubwa ya Papa Saidi yakinguruma kama mzinga wa nyuki, kisha mngurumo ukawa mdogo, kisha ukapotea. Wamama waliobeba sombe, majani ya muhogo, walijibana pembeni wakanipigia vigelegele. Tangu nitoke shuleni sikuwahi kuwa mbele ya mtu yeyote katika jambo lolote, na sasa nilikuwa mbele, na miguu yangu ilijua hivyo.

Kwenye changarawe mambo yakaanza. Tairi lililojaa sana halilali juu ya mawe, linadunda, na kila lilipodunda niliyasikia mayai yakigongana ndani ya sanduku. Nikasimama, nikatoa upepo kidogo. Mbele kidogo barabara ikawa ngumu tena, nikasimama, nikapiga pampu. Kisha changarawe nyingine. Nilisimama mara nne, na kila mara niliangalia nyuma. Lakini bado nilikuwa wa kwanza nilipofika juu ya ule mteremko wa udongo wa mfinyanzi.

Mvua ilikuwa imepita pale muda si mrefu. Udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa juu tu, ngozi yake inateleza kama sabuni. Ukianza kukauka, unakuwa gundi. Hayo niliyajua. Nilikuwa nimeandika kurasa sitini kuhusu udongo huohuo na walimu walinipongeza. Lakini sikuwahi kuanguka juu yake.

Nilishika breki ya mbele. Tairi halikuwa na kitu cha kuuma, likakimbilia kushoto, mimi nikakimbilia kulia. Nilichowaza hewani ni mayai tu, nikajigeuza, nikaanguka mgongo chini na velo juu yangu, sanduku kwenye tumbo langu. Nikalifungua. Mazima yote. Nikasimama, nikatoa upepo mwingi, nikateleza tena hatua kumi, nikaanguka tena. Sasa nilikuwa nimefika katikati, pale jua lilipokuwa limeanza kuubadilisha udongo kuwa gundi. Yale meno mafupi yalijaa mara moja, tairi likawa laini kama ndizi iliyomenywa, na udongo ukajikusanya kwenye fremu mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Nikakaa chini. Niliona ile kazi ikiondoka. Nilimwona mama akiniuliza jioni, kwa upole ule unaoumiza, habari za jaribio.

Ndipo nikasikia mtu anaimba. Papa Saidi alikuwa anashuka, makalio nyuma kabisa ya kiti, magoti yamelegea, breki ya mbele haigusi. Matairi yake yaliuma udongo na kuutema, vipande vikiruka huku na huku. Alipita karibu nami, akaenda mpaka mbele kidogo, akasimama.

"Uko natafuta nini pale chini, Agronome? Ulipoteza pete ya ile ndoa?"

"Pita tu, Papa. Umeshinda."

"Nani aliniuliza habari ya kushinda?" Akaegemeza velo yake kwenye mgomba, akavunja kijiti, akarudi kwangu na kuanza kukwangua udongo kwenye magurudumu yangu. "Sisi batu ya mafuta, mutu akikwama ku potopoto, hatumupitake. Unaweka yako pembeni, unasukuma ya mwenzako, kisha unarudilia yako. Ukianza kupita batu, siku yako utalala mu barabara."

Nikamwambia, huku nalia nusu na kucheka nusu, kwamba nilipima njia yote, na kwamba sehemu kubwa ilikuwa kavu.

"Hiyo njo kosa yako," akasema, na sasa hakuwa anatania. "Ulipima njia kwa urefu. Barabara muzuri, hata ukiwa na pneu mubaya, inakuchelewesha tu. Hapa njo pahali pa kukuvunja muguu. Unachagua pneu ya hapa, mutoto yangu. Kule kwingine unavumilia, unakwenda polepole, batu banakucheka, lakini unafika. Na hii pompe ni ya nini?"

"Ya kubadilisha upepo kila udongo ukibadilika."

Alicheka mpaka akashika mgomba. "Utafika ku Noeli. Udongo iko nabadilika kila hatua. Pneu hapana. Ni mwili yako njo inabadilika. Keti nyuma. Legeza mikono. Macho iende mbele, hapana ku gurudumu."

Tukaivusha velo yangu kijito, tukairudilia yake. Kilima cha mizizi tulikipanda vilevile, mbili kwa zamu, mmoja anavuta, mmoja anasukuma. Akanionyesha mizizi iliyolowa: usiikate kwa ubavu, iendee uso kwa uso, na usigeuze usukani ukiwa juu yake. Tulipofika juu, barabara ngumu ilikuwa mbele yetu, nyekundu, kavu, imenyooka mpaka kwenye bati la kituo cha afya.

"Hapa njo kwako," akasema. "Piga upepo, enda."

"Papa, kazi ni moja."

"Niko na batoto bane ku masomo, hapana unifundishe kama kazi ni moja. Enda. Mimi sijashindaka mutu mwenye ananingojea."

Nilienda. Sitakudanganya kwamba nilisitasita sana. Matairi yangu yakaruka tena, matope yakinidondoka mgongoni, na nikaingia kwenye uwanja wa kituo wa kwanza, mayai kumi na mawili, hata moja halina ufa. Muuguzi mkuu, Madame Kahindo, aliyageuza moja moja kwenye mwanga, akatabasamu, akachukua kalamu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Na ule muteremuko? Kila wiki ya mvua utakuwa unapita pale na chanjo. Leo ulipita namna gani?"

Kichwa changu kikanipa majibu saba, mwanangu, na yote yalikuwa na nusu ya ukweli. Ningeweza kusema nilishuka polepole. Ningeweza kusema nilisaidiana na mwenzangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilichoka kuchagua.

"Sikupita," nikasema. "Nilianguka mara mbili, velo ikakwama. Papa Saidi njo alinitoa pale."

Alikuwa ameingia tayari, amesimama nyuma yangu na sanduku lake. Madame Kahindo alilifungua, akakuta mayai mazima, akamwangalia, akaniangalia, akaandika jina lake, si langu. Papa Saidi aliniinamia sikioni.

"Agronome, mudomo yako haina breki."

Nikarudi bila kazi. Lakini ngoja nikwambie jinsi nilivyorudi. Kile kilima cha mizizi sasa kilikuwa mteremko, na Papa Saidi alikuwa nyuma yangu akipaza sauti, "Nyuma! Keti nyuma! Uache velo ipite!" Nikaketi nyuma, nikalegeza mikono, nikatazama mbali. Mizizi ikapita chini yangu mmoja baada ya mwingine, uso kwa uso, na sikuhesabu hata mmoja. Nilifika kwenye kijito nikiwa wima, nikapiga kelele mpaka watu waliokuwa wakifua nguo wakasimama kuangalia ni nani amekufa. Kwa miaka miwili kichwa changu hakikuwahi kunyamaza hivyo.

Majira ya mvua yaliyofuata, chama kilihitaji mtu wa pili, wa njia za kakao upande wa Beni. Madame Kahindo alinitumia mtu, hakunipa jaribio. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alisema, "Kwa sababu chupa zikivunjika, wewe utaniambia." Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Kwenye njia zile udongo si kama wa Butembo, kuna majani yaliyooza juu ya mizizi na kivuli kisichokauka, kwa hiyo mbele nimeweka tairi pana la mpira laini, upepo kidogo. Kiangazi linanichelewesha kwenye vumbi na vijana wananipita. Nawapungia mkono.

Kwa hiyo, Muhindo, acha kuuliza ni tairi lipi bora kuliko yote, halipo. Uliza ni wapi kwenye njia yako ambapo unaweza kupoteza kila kitu, na uchague kwa ajili ya hapo. Anza na la mbele, maana la mbele ndilo linalomwangusha mtu, la nyuma linafuata tu. Kwingine kote kubali kuwa mzito kidogo. Fanya hivyo kwa kazi, kwa ndoa, kwa masomo unayoyaogopa. Fikiri asubuhi moja, lakini ukishapanda, fikira iiachie mikono na miguu. Ukimkuta mtu amekwama, weka yako pembeni kwanza. Na ukiulizwa ulipitaje, mtaje aliyekusukuma, hata kama kumtaja kutakunyima.

Mungu wa baba zetu akupe miguu yenye nguvu na kichwa chenye utulivu. Akulinde Butembo na akulinde barabara ya Beni, kwenda na kurudi. Ukianguka, na uanguke mahali penye watu. Jumamosi hii nenda Mususa, mwanangu, chukua tairi, na kabla ya mchana uwe umeshachafuka.