Tekila Iliyolala Miaka Mitatu

Fundi majokofu mmoja, watu walimwita Kiguu na Njia. Chakula alikula amesimama. Msibani alikuwa wa kwanza kuaga, harusini wa kwanza kutafuta viatu vyake. Mkewe, mkunga, alishazoea kuzungumza na mgongo wake.

Mchana mmoja aliitwa kwenye baa ya hoteli, mashine ya barafu imegoma. Alipomaliza kuitengeneza, mhudumu wa kaunta, dada wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, akammiminia pombe kali ya rangi ya asali.

"Tekila hiyo, fundi. Ya ahsante."

Tekila aliijua: chumvi, ndimu, unafumba macho unaitupa kooni. Akaitupa. Akakohoa hadi machozi.

"Ndimu iko wapi?"

"Hiyo haitaki ndimu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu! Imelala kwenye pipa la mbao miaka mitatu, wewe unaimeza kama dawa ya minyoo."

"Miaka mitatu ikifanya nini?"

"Imelala tu."

Jibu lilimkera. Kitu kikilala kinaoza. Kazi yake yote ilikuwa kupigana na hilo. Akasukuma bilauri mbele. "Hebu nionyeshe."

Dada akammiminia tena, akamwonyesha: nusa kwanza, kisha tone moja, lizungushe ulimini, limeze taratibu. Fundi akapata sukari iliyoungua, halafu pilipili manga, halafu harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Bila kujua alikuwa ameshaketi; mguu ulitaka njia, lakini hakuinuka.

"Inatokana na nini?"

"Mmea wa ukoo wa mkonge."

"Mkonge? Huu wa kamba?"

"Binamu yake."

Tangu hapo akili haikumtulia. Akifungua jokofu la mteja, alijikuta ananusa. Kila Jumamosi alasiri alipita hotelini kuonja bilauri moja, leo ya mwaka mmoja, wiki ijayo ya mitatu, akizilinganisha kichwani njia nzima. Nyumbani hakusema neno. Angeanzia wapi, mtu mzima, kueleza kwamba alikwenda kunusa?

Mkunga aliona mume anaoga Jumamosi mchana na kuchana ndevu. Akamfuata. Aliingia baa mkoba kwapani, maneno yamejaa mdomoni, akamkuta peke yake dirishani. Ameketi. Ameketi kweli, mgongo kwenye kiti. Hasira ikageuka hofu.

"Baba watoto, unaumwa?"

Fundi akaruka kama aliyeshikwa anaiba. "Siumwi. Nusa hii."

"Unamjia nani hapa?"

"Nusa kwanza, mama."

Akanusa, kwa kununa. "Kiatu kipya," akasema. Akaonja, akaonja tena. "Tamu. Kumbe kukaa unajua. Mbona kwangu chai hujawahi kuimaliza?"

Fundi alitazama mlango, akatazama mikono yake. "Nikikaa nyumbani, naona kama kuna kitu kinaharibika mahali."

"Kipo. Ni mimi."

Kwa mara ya kwanza hakutafuta kazi ya kufanya ili alikwepe neno hilo. Akamvutia kiti.

Siku hizi chupa iko kabatini kwao, na Jumamosi bilauri ni mbili. Wakati mwingine fundi huvumilia mpaka mwisho, wakamaliza habari za wodini na za majirani. Wakati mwingine, katikati ya maneno, anakuwa ameshafika dirishani, funguo zinalia mfukoni. Mkunga hapandishi sauti.

"Rudi ukae, bwana. Bado sijamaliza kukuhadithia."

Naye hurudi.