Koti la Modista

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tulipohamia Johannesburg, muda mfupi baada ya uchaguzi ule wa kwanza wa watu wa rangi zote, mke wangu alikuwa anarudi kwao kutoka uhamishoni. Mimi nilikuwa nahamisha kochi tu. Tulioana Morogoro, ndugu zake wote wakiwa mbali, kwa hiyo mama mkwe alinijua kwa picha moja, nayo nimefumba macho.

"Jumapili anataka kuona nimeolewa na mtu gani," mke wangu aliniambia huku akinikabidhi kitambaa cha koti. "Usiniaibishe, baba. Asije akasema ningengoja nirudi nyumbani."

Alicheka, lakini kile kitambaa alikuwa amekikunja na kukikunjua hata kikachoka.

Jirani yetu Mkongomani akanielekeza Jeppestown, kwenye jengo la mafundi wa nguo. "Unapanda mpaka juu kabisa, kule kuko tailleur. Chini usikae, ndugu. Chini ni ya bamama."

Lifti ilikuwa imekufa. Nikazitazama ngazi, ngazi zikanitazama. Pale chini palikuwa na dada wa Msumbiji, cherehani, na kiti kitupu. Nikakaa.

"Mimi ni modista," alisema kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. "Nashona nguo za wanawake. Koti lako ni kazi ya alfaiate, huko juu."

Nesi mmoja Mfilipino, aliyekuwa akisubiri gauni lake, akainua kichwa. "Hata kwetu ni modista. Wanaume wanakwenda kwa sastre." Wakatazamana, wakafurahi kama watu waliogundua kuwa wana shangazi mmoja.

"Dada zangu," nikasema, "kwetu ni fundi cherehani, basi. Kanzu, gauni, foronya, sare za shule, vyote vyake. Habagui."

"Huyu anaogopa ngazi," nesi akamwambia mwenzake.

Modista akanipima, pini zikiwa mdomoni. "Haya. Lakini nitashona ninavyojua mimi."

Akashona, tena vizuri sana. Koti lilibana kiunoni, likaachia kwenye nyonga, na vifungo vyake vikakaa upande wa kike. Hilo la vifungo sikulijua mpaka Jumapili, mama mkwe aliponipokea mlangoni, akanishika bega na kunigeuza taratibu kama anayechagua kabichi sokoni. Mke wangu alibana pumzi.

"Mkwenyana," mama akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mkwe, "ahsante kwa koti langu. Ila ungelileta kwenye mfuko."

Akanivua palepale, akalivaa. Lilimkaa. Akaingia chumbani, akarudi na koti la marehemu mumewe, linanuka dawa ya nondo, mikono imenizidi kiganja kizima. "Vaa hili. Sasa njoo ule."

Mke wangu akapumua, akaanza kupakua.

Mama alilivaa lile koti kanisani miaka mingi, akiwaambia wenzake kwamba mkwe wake ana jicho la nguo. Sikuthubutu kumkosoa. La baba mkwe ninalo bado. Silitoi nje, nalivalia kwenye kochi.