Neno "competent" lilivyoniaibisha kortini

Wakuu wa daftari hili la mzunguko, hamjambo. Limetoka Butula juzi, sasa zamu ni yangu hapa Moding. Naandika ukweli tu, na nina hasira.

Mume wangu yuko kazini Uganda. Nimebaki na mtoto wa miezi saba na shamba la mihogo kando ya mto. Hiyo mihogo ndiyo chakula chetu.

Baada ya mvua kubwa, jirani yangu Mzee Ekirapa akalima ndani ya mihogo yangu. Jiwe la mpaka lilikuwa limesogea hatua kumi upande wangu.

"Ni mto, mama," akasema. "Mafuriko yalilibeba."

Nikampeleka kortini.

Sasa nyinyi nami tulikaa darasa moja. Mnakumbuka jiografia ya Form Two: competence ya mto ni ukubwa wa jiwe ambalo maji yake yanaweza kubeba.

Mto wetu unabeba mchanga. Ukijitahidi sana, kiatu cha mtu.

Basi nikamwambia hakimu kwa Kiingereza kizuri: mto huu si competent.

Hakimu akavua miwani. Akasema competent ni shahidi, si mto. Na kwa mambo ya mito, mimi mwenyewe si competent, kwa sababu si mtaalamu.

Karani akatafsiri kwa sauti: "Mama, korti inasema wewe si hodari."

Watu wakacheka. Mtoto akaamka, akalia.

Halafu hakimu akasema hata korti yake si competent kwa kesi ya mpaka, niende kwa wazee. Karani hakusita: "Korti yenyewe pia si hodari."

Hapo hakuna aliyecheka.

Wazee walikuja shambani Alhamisi. Nikaomba jiwe linyanyuliwe tu. Wanaume wawili wakashindwa. Wakaongezwa wawili, likainuka, na matusi mengi.

Mzee mmoja akamgeukia jirani yangu. "Ekirapa, mto huu ulipata wapi wanaume wanne?"

Ekirapa akasema jua limekuwa kali.

Jiwe limerudi kwenye shimo lake. Mihogo aliyong'oa imekauka; iliyobaki itatutosha, nikipika kidogo.

Nilichojifunza: kwa sheria, competent ni kuruhusiwa; kwa mto, ni nguvu. Mwalimu alitupa maana moja, akanyamaza.

Nani mwingine amewahi kuponzwa na neno la shule? Andikeni hapa chini. Kurasa zimebaki nne, msichore maua.