Matanga ya Mwanafizikia Kule Buffalo

Baba yangu alifariki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa Louisville, Marekani, kazini, nikipanga maboksi kwenye mkanda usiojua kusimama. Habari nilizipokea kwa simu, nimejifungia chooni. Msimamizi alinipa pole, kisha akaniuliza kama nitamaliza zamu. Nikamaliza. Hakuna aliyekuja kukaa nami. Tulikuwa wageni bado, kanisa letu halijaanza, na majirani waliponiona na macho mekundu walidhani nina mafua. Tangu hapo nimeishi na hamu moja, na sioni haya kuisema: nilitaka kukaa matanga. Nikae chini kwenye mkeka, mlango wazi, watu wanaingia bila kubisha, mmoja anasimulia vituko vya marehemu mpaka tunacheka, halafu tunalia tena. Hilo tu.

Nilipohamia Columbus, Ohio, nilipanga nyumba upande wa Morse Road, ambako unga wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, vinapatikana bila kuhangaika. Nikapata kazi ya kutunza wazee, na mzee wangu alikuwa Westerville, nje kidogo ya mji: Mwingereza, mwanafizikia wa nyuklia, mgane. Nilitegemea mtu wa kutisha, mwenye mabomu kichwani. Nikamkuta mzee mwenye soksi zisizofanana, anagombana na birika la chai.

Aliniuliza ninatoka wapi. "Kongo," nikasema, nikingoja swali la vita, maana wote huuliza vita. Yeye akasema, "Kongo niliijua kabla sijaijua London." Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe, kaskazini mwa Uingereza. Shuleni, mwalimu wake alimwekea mkononi kipande cha jiwe jeusi, kizito kuliko ukubwa wake, kutoka Katanga. Lilikuwa na urani ndani. Siku hiyo hiyo alijua kazi atakayoifanya mpaka kufa.

"Basi Papa, rudisha jiwe letu," nikamwambia. Alicheka mpaka ikabidi nimshike asidondoke.

Nilimwita Papa, naye akazoea. Maisha yake alinisimulia vipande vipande nikimnyoa ndevu. Ujana wake wote alikuwa akirusha chembe ndogo kwenye viini vya atomu ili aone zinavyoruka, jambo ambalo mimi nilimwambia ni mchezo wa watoto wenye mashine ghali. Alikubali. Serikali ya kwao ilichoka na ile mashine ikaifunga, naye akaja Ohio kufundisha kwa muda mfupi tu. Muda mfupi! Wakongo wote wa mtaa wetu wa Northland walikuja kwa muda mfupi.

Aliwahi kunieleza kwamba ndani ya kiini kuna nguvu inayokamata vipande vyake kwa namna ya ajabu, ila lazima viwe karibu kabisa. Vikiachana kidogo tu, nguvu hiyo haipo.

"Kama familia yangu," nikasema.

Safari hii hakucheka. "Na yangu," akasema, akageuza uso dirishani. Alitamani nyumbani kwao mno, moshi wa makaa, mvua isiyokoma, mama yake akimwita kutoka mlangoni. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Mimi nilimwelewa kuliko alivyodhani, na siku nyingine nilimchukia kidogo kwa kunikumbusha.

Kisha binti yake, mtoto wake wa pekee, akamchukua akaishi naye Buffalo. Majira ya baridi hayajaisha, binti akanipigia: Papa ameaga dunia. Nikauliza, "Uko wapi?" Akasema, "Niko nyumbani." Kwetu hapo maneno yamekwisha. Matanga hayana mwaliko; umesikia, unakwenda. Nikawachukua mama wawili wa kanisani, tukapakia mikeka, mchele na sombe. Buffalo tulipitia kwanza East Side, kwa Wakongo wa huko, tukaazima sufuria kubwa la harusi. Mtu msomi namna ile, tulisema, waombolezaji watajaa mpaka barabarani.

Mtaa wa binti ulikuwa kimya kabisa.

"Bon, batu bako wapi?" akauliza mama aliyekuwa anaendesha, akitafuta watu kwa macho.

Binti akafungua mlango, amevaa ndara, nusu mkate mkononi. Alikuwa peke yake. Mwili ulishachomwa. Ibada ya kumbukumbu itakuwa majira ya joto, wageni wakipata nafasi, tutaletewa mwaliko. Nikawatafsiria wenzangu.

"Mutu amekufa sasa, donc batamulia wakati jua itatoka?" akafoka yule aliyeendesha gari, eti watu wamlilie hadi jua litoke.

Nilimkanyaga mguu anyamaze, ingawa hasira yangu ilizidi yake. Nilisimama na lile sufuria mikononi kama mjinga. Nafasi yangu ya pili nayo imeniponyoka, nikawaza, na sikuwa na baba mwingine wa kumlilia. Nikaomba radhi, nikageuka niondoke.

"Mikeka ni ya nini?" binti akauliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mkate wake chini, akaanza kusukuma meza ya sebuleni ukutani yeye mwenyewe. Tukatandika. Tulipika kidogo kwenye sufuria lile kubwa, tukala kwa mikono, mlango tukauacha wazi kidogo ingawa baridi ilikuwa inauma. Nikasimulia soksi na ugomvi wa birika, naye akacheka, na katikati ya kicheko akaangua kilio, mama mmoja akamkumbatia bila kuelewa neno lake hata moja. Mimi machozi yaligoma.

Alipotulia alinigeukia. "Na baba yako," akasema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Miaka yote niliyokaa Marekani hakuna aliyeniuliza. "Alikuwa fundi cherehani," nikasema, na sauti ikakatika. Mama aliyekuwa akiosha vyombo akafunga bomba, akaja kukaa nami mkekani.