Rezo Iko, Bibi Arusi Haiko

Mkicheka, chekeni polepole, maana mama mkwe wangu bado anakaa mtaa huu huu wa Kasongo, na kila tukikutana njiani ananiuliza kama rezo iko, yaani kama mtandao upo.

Shemeji yangu Salima, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa anaolewa Kalemie, na mama yake mguu ulikuwa umevimba, asingeweza kupanda pikipiki kupita Kabambare mpaka huko. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mwanawe wakati ndoa inafungwa. Simu yangu ndiyo peke yake pale nyumbani yenye kuonyesha video, na ingetosha kabisa, lakini mimi (kiherehere changu!) nikasema, "Mama, simu iko kadogo. Nitaleta ordinateri, familia yote ione."

Ordinateri yenyewe, kompyuta yangu ya zamani, ilikuwa imezeeka, inajikokota, basi asubuhi ile nikaifuta yote nikaiwekea mfumo mpya, Linux, na iliponiuliza niongeze nini, nikakataa kila kitu ili iwe nyepesi. Ikawa nyepesi kweli! Skrini nyeusi, maandishi meupe, na wifi ya simu yangu haikuiona hata kidogo, kwa sababu programu ya kuamsha wifi nayo nilikuwa nimeikataa, na ili niipakue nilihitaji mtandao, na mtandao ndio niliokuwa nautafuta.

Watu wamekaa mkekani, wamependeza, wananitazama. Ningesema ukweli, yangeisha. Nikasema, "Mama, rezo haiko hapa."

Sasa kwetu ukisema rezo haiko, hakuna anayebisha, watu huinuka kuifuata. Mama mkwe akapakiwa kwenye pikipiki, kiti chake kikabebwa kichwani, mashangazi na vitenge vyao vipya nyuma, mpaka kwenye mwinuko ambako kila mtu huenda kupigia simu. Kufika tu, simu zao ndogo za vitufe zikaanza kulia zote. Mashine yangu kimya.

"Mukwe," mama akauliza, "rezo imekataa mashine yako peke yake?"

Nikachomeka simu yangu kwa waya, nikaandika amri mbili tatu, mara mistari ikaanza kushuka, mtandao unajibu! Nikaruka juu: "Rezo iko!" Mashangazi wakapiga vigelegele. Mama akainama, akakaza macho kwenye zile herufi.

"Salima iko wapi humu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba vya kuonyesha picha navyo nilivikataa asubuhi. Nikachomoa simu, nikampigia Salima mbio mbio. Picha ikaja, safi kabisa, watu wanakula wali. Ndoa ilishafungwa.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwambia bintiye, "Mutoto wangu, nilikuwa hapa. Nilikuwa naangalia maandiko." Nilitamani ardhi inimeze.

Siku hizi mashine ikiniuliza niongeze nini, naikubalia yote, hata ya printa ambayo sina. Na juzi Salima alipojifungua, nilimpa mama simu mkononi, nikaenda kukaa mbali. Akamtazama mjukuu wake weee, halafu akaniita.

"Kuja uone, mukwe. Lakini usiguse kitu."