Manju wa Harusi ya Mama Mkubwa

Harufu ya nta ya sakafu bado inanirudisha Thamesmead, London. Si nta peke yake, bali nta iliyochanganyika na chai iliyokaa mno kwenye birika kubwa la chuma na makoti yaliyolowa mvua, maana ndivyo ulivyonuka ukumbi wa jumuiya chini ya ghorofa letu, mahali tulipofanyia kila kitu: ubatizo, matanga, mikutano ya kulalamikia lifti, na harusi. Tuliishi pale mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mama yangu Doto na pacha wake Kulwa. Kwa kuwa Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka, alikuwa mama mkubwa wangu, na hakukubali mtu yeyote asahau jambo hilo. Majengo yalikuwa ya zege tupu, na katikati yake kulikuwa na vidimbwi vikubwa vyenye mabata bukini waliotembea njiani kwa maringo mpaka watu wakawapisha. Nilikuwa na miaka kumi. Kiswahili nilikielewa chote, lakini nikiulizwa nilijibu kwa Kiingereza, na mama alikwisha kuchoka kunigombeza.

Kiangazi kile Mama mkubwa alikuwa anaolewa na Gordon, Mskoti mrefu, mpole, aliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Babu yangu, mzee Maganga, akaja kutoka Shinyanga na sanduku lililofungwa kwa kamba. Tulidhani amekuja kufurahi. Kumbe alikuja kuona, na alisema hivyo kwenye uwanja wa ndege kabla hata hatujamvalisha koti: hana ugomvi na Gordon, lakini mkwe si mtu mmoja, mkwe ni ukoo, na ukoo huo yeye haujui. Neno lake la baraka angelitoa mwisho wa sherehe, au asilitoe. Mama mkubwa alicheka mbele yake, kisha akaingia jikoni akasimama akiyakodolea macho maji ya bomba. Alikuwa amekwisha kupita umri ambao watu huulizia harusi yako, na alilitaka neno la baba yake kuliko gauni, kuliko keki, kuliko hata jua.

Kamati ya harusi ilikaa kila Jumapili sebuleni kwetu, mwenyekiti akiwa Mjomba Masanja, kaka yao. Mjomba ndiye aliyekuwa MC wa harusi zote za Watanzania upande ule wa London, na kazi hiyo aliichukulia kama urithi. Basi mama yake Gordon akaleta ombi moja tu: kuwe na ngoma ya kwao, inayoitwa ceilidh, tamka keli. Katika ngoma hiyo, alieleza Gordon, si lazima ujue kucheza. Kuna mtu anayesimama jukwaani na kipaza sauti, anakwambia umshike nani, uende wapi, ugeuke lini. Wanamwita caller. Anatafutwa kwenye kitabu cha simu, mnakubaliana siku, yamekwisha.

"Kulwa, yaani mimi niko hapa, halafu unaniletea caller?" Mjomba aliuliza, na akakunja mikono kifuani. Alibaki amekunja hivyo wiki nzima.

Babu yeye alisikiliza kwa makini, akasema kumbe hao watu nao wana manju. Kwa Wasukuma manju ndiye kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbishaji, na ngoma haichezwi ovyo. Wapo Wagika na wapo Wagalu, makundi mawili ya tangu enzi na enzi, na baada ya mavuno wanakutana uwanjani, kila kundi na manju wake, wanacheza kwa wakati mmoja wakiangaliana. Watazamaji wanaanza kuhama taratibu, na upande wanakohamia ndio umeshinda. Babu alikuwa Mgalu, na alikwisha kushinda na kushindwa mara nyingi. Kwa hiyo kichwani mwake jambo lilikuwa wazi: wakwe wametuita mashindanoni, na manju wao wamekwisha kumpata. "Na sisi wa kwetu yuko wapi?" aliuliza. Gordon alipomweleza kwamba caller ni mmoja kwa wote, Babu alishtuka kabisa. "Binti yangu anakwenda kuishi na watu hawa. Sitaki waanze kwa kutushinda. Kama manju ni mmoja, tumwite sisi, aje hapa, ale kwetu."

Ndivyo Moira alivyoalikwa kikaoni. Sidhani kama kuna caller mwingine Uingereza nzima aliyewahi kukodiwa hivyo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye nywele za kijivu na sweta lililopungua kifungo, na alidhani anakuja kunywa chai tu. Alikuta kamati imeketi imenyooka, mama amepika ugali na samaki, na mimi nimewekwa kwenye kistuli katikati yake na Babu ili nitafsiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema Kiswahili mbele ya watu wazima waliokaa kimya wakinisubiri. Moira alinawa, akamwangalia Babu anavyomega tonge, akamega lake.

"Muulize, yeye ni manju wa upande gani," Babu alisema.

Nikauliza. Moira akajibu kwamba hana upande, anawaitia wote walioko uwanjani.

"Sasa atashindwa nani?"

"Mwambie babu yako sijawahi kuulizwa hivyo," Moira akaniambia, kisha akaanza kuuliza yeye. Nani ana magoti mabovu? Nani na nani hawasalimiani? Nani ataona aibu na asiinuke mpaka ashikwe mkono? Hapo Mjomba Masanja alikunjua mikono, kwa sababu hayo ndiyo maswali aliyokuwa akiuliza yeye mwenyewe kabla ya kila harusi, na akaanza kuyajibu kwa Kiingereza bila kunisubiri. Babu aliangalia yote, akaniinamia. "Huyu anaijua kazi. Mwambie tunataka mistari miwili. Wao kule, sisi huku, tuonane." Moira aliitikia kwa kichwa. Mistari miwili ataipata, alisema, kwa kuanzia. Babu akafungua sanduku lake, akampa mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwake yeye mkataba ulikuwa umefungwa.

Kisha akaanza kutufanyisha mazoezi. Kila jioni, kwenye ule ujia mrefu wa zege mbele ya milango yetu, alitupanga mama, mjomba, majirani na mimi, akatufundisha kunyanyua mabega pamoja na kukanyaga pamoja, huku mabata bukini wakitutazama kutoka chini. Mama mkubwa alipita akirudi kazini, akatuona, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Babu ametaja neno lolote. Nilimwambia bado. Nilimwonea huruma, nikakanyaga kwa nguvu zaidi, maana na mimi nilikwisha kuamini kwamba tukishinda ataongea.

Siku ikafika na mvua yake. Baada ya kanisa ukumbi ulijaa, na ulijaa vibaya: kwetu vitenge na makofia upande wa dirishani, kwao upande wa mlangoni, na katikati sakafu tupu inayong'aa ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Wanaume wa kwao walivaa sketi zao za miraba na soksi ndefu. Mjomba alianza kutabasamu, Babu akamkatisha kwa jicho. Yeye alilijua vazi la ngoma alipoliona. "Hawa wamejiandaa," alisema kwa heshima, akainama, akafunga njuga zake kwenye kifundo cha mguu.

Moira akapanda jukwaani. Nyuma yake walikuwa mpiga fidla na mpiga kodiani. Nilitegemea atapaza sauti kama Mjomba, lakini hakupaza. Aliongea taratibu, karibu kwa kunong'ona, na ukumbi ukanyamaza ili umsikie. Akatupanga kama alivyoahidi, mistari miwili mirefu, sisi huku, wao kule. Babu alisimama mbele ya mama yake Gordon, akanyoosha mgongo. Nilisimama ubavuni mwake nikitafsiri: mbele, Babu, rudi, Babu, piga makofi. Tulikanyaga pamoja kama tulivyofundishwa, na wao wakakanyaga, na nikaona macho ya Babu yanawaka.

Kisha Moira akasema jambo jipya. Kila mtu amshike mkono aliye mbele yake, wazunguke, wabadilishane mahali, halafu asogee kwa anayefuata. Tukazunguka. Akasema tena, tukazunguka tena, na muziki ukaongeza mwendo. Nilishikwa na mikono mikubwa, mikono mikavu, mkono wenye pete iliyonibana, nikarushwa kwa mjomba, kutoka kwa mjomba kwa mzee mwenye sketi, na nilipogeuka kumtafsiria Babu, Babu hayupo. Niliogopa. Nilikuwa nimempoteza mzee asiyejua Kiingereza katikati ya watu wote wale. Halafu nikasikia njuga. Zililia mbali, kwenye kona ya jukwaa, na zililia sawasawa na kodiani, bila kuchelewa hata kidogo. Nilichungulia katikati ya mabega nikamwona, ameshikana mikono na mama yake Gordon, anageuka Moira anaposema geuka, anarudi anaposema rudi, na hakuna aliyekuwa akimtafsiria.

Nilisimama palepale. Niliinua macho kumwangalia yule mama wa sweta, ambaye hakumgusa mtu wala kunyanyua mkono, na ukumbi mzima ulikuwa ukitembea ndani ya sauti yake. Nimewahi kuona mambo makubwa baada ya hapo, nimeona milima na nimeona watoto wakizaliwa, lakini mshangao ule wa kwanza haujapata mwenzake. Kulikuwa na woga kidogo ndani yake, na kulikuwa na furaha iliyonifanya nitake kulia.

Muziki ulipokatika, kila mtu alisimama alipofikia, akihema. Babu alinijia akipangusa jasho, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Wetu wako wapi?" aliniuliza.

Nikatazama. Mama alikuwa amemwegemea shangazi yake Gordon wakicheka. Mjomba Masanja amevishwa kofia ya mtu. Vitenge na miraba vilikuwa vimetapakaa ukumbi mzima, na mistari haikuwepo tena. "Sijui, Babu," nikamjibu, kwa Kiswahili. Jukwaani Moira alikuwa amekaa kitini, anatafuna michembe.

Wakati wa neno ulipofika, Mjomba alimpa kipaza sauti na Mama mkubwa akashika meza kwa mikono miwili. Babu alisema nitafsiri vizuri, nisipunguze. "Nilikuja na upande wangu," alisema. "Nimeutafuta, sikuuona. Kulwa, mwanangu, kaa na watu wako." Nilitafsiri bila kupunguza. Mama mkubwa alifunika uso kwa shela, na Gordon, mrefu vile, akapiga magoti mbele ya Babu bila kuambiwa na mtu.

Babu ni marehemu sasa, na ukumbi ule umebomolewa pamoja na ule ujia wetu wa zege. Harusi zetu za London zimekuwa nzuri kupita kiasi. Kamati inakaa kwenye simu, viti vimevalishwa utepe, kila meza ina jina, upande wa bwana harusi kule na wa bi harusi huku, na watu wanakula, wanajipiga picha, wanaondoka bila kujua jirani yao alikuwa nani. Sisemi ni vibaya, nami huvaa nikapendeza. Lakini mwezi uliopita Maganga, mtoto wa Mama mkubwa na Gordon, aliyepewa jina la Babu na hakumkuta, alinijia kuniambia anaoa. Kama mimi wa zamani, anajibu kila kitu kwa Kiingereza. Aliniomba nimtafutie manju, na neno hilo alilitamka kwa Kisukuma safi. Nikataka kumtania, nikamuuliza kwa sauti ya Babu, manju wa upande gani. Alinisogezea sikio. Nilimrudia swali taratibu, kisha nikamweleza kwa lugha zote mbili, na bado hakuelewa ni upande gani ninaousema.